Msituletee vitu tu, tuleteeni na majina yake

Ndugu Mhariri,

Naomba kanafasi kwenye ukurasa wako wa barua, nitajitahidi nisiwe mrefu ingawa najijua. Majuzi kuna msomaji mwenzangu aliandika humu kwamba makumbusho madogo ya historia kama haya yetu ni stoo tu ya vitu chakavu, eti wanaojitolea pale ni watu waliokosa pa kwenda Jumamosi, na siku hizi kila kitu kiko kwenye simu kwa hiyo jengo lile lingefaa kwa shughuli nyingine. Nilivyosoma mara ya kwanza nikacheka, mara ya pili nikakasirika, mara ya tatu nikasema hapana, huyu ndugu hana kosa, maana inaelekea kila alipokuja ameishia ukumbi wa mbele kwenye kabati za vioo na ile redio ya mbao, na hakuna aliyemwambia karibu chumba cha nyuma. Basi ngoja mimi nimkaribishe.

Najitolea pale huu mwaka wa saba. Si msomi wa historia, cheti cha mambo ya makumbusho sina, nilichukuliwa kwa sababu walikuwa wanatafuta mtu anayetaipu haraka na anayeweza kusoma mwandiko wa zamani. Chumba chenyewe cha nyuma hakina cha kukupendeza macho, kuna rafu za chuma, maboksi ya kijivu, meza mbili, kompyuta moja yenye hasira zake, na friza. Habari ya friza nitaileta.

Asubuhi moja tulifika tukakuta boksi limeachwa mlangoni, hamna barua hamna jina la aliyeleta. Ndani picha arobaini na ushee, nzuri kweli, watu wamenyooka mbele ya kamera kama milingoti. Unageuza nyuma, nyeupe. Unageuza nyingine, nyeupe. Mojawapo ilikuwa ya wanaume saba wamesimama mbele ya mlango mkubwa, wote mashati meupe, wa mwisho kulia kafumba macho. Sasa picha kama hiyo ikishafika mikononi mwetu bila neno lolote ni bubu, utaitumia kufundishia mitindo ya kola na basi. Tukaweka nakala yake kwenye meza ya mbele na kikaratasi, unamjua mtu yeyote humu?

Ikakaa pale wiki kadhaa. Siku hiyo akaja mzee mmoja, hakuja kutazama picha wala nini, alikuwa amemsindikiza mjukuu wake aliyekuwa na kazi ya shule. Akapita, akarudi nyuma, akainama. Halafu akaanza kutembeza kidole juu ya vichwa bila kuigusa, huyu alikuwa karani, huyu kaunta ya stempu, huyu mkali huyu alikuwa hacheki, huyu alihamishwa baadaye, na majina anataja yote mawili mawili. Kumbe ni wafanyakazi wa posta siku lilipofunguliwa jengo jipya, na yeye alikuwa kijana wa kupeleka telegramu kwa baiskeli, kwenye picha hayumo kwa sababu alipewa mkoba wa mpiga picha aushike. Alipofika kwa mtu wa tano akanyamaza. "Jina lake liko hapa hapa ulimini." Tukampa kiti, akakaa, akafumba macho, halikuja, akaondoka amenuna kabisa kama sisi ndio tumelificha. Saa nne usiku ukaingia ujumbe wa mjukuu kwenye simu ya mwenzetu, babu kaamka anasema wa tano ni fulani, na anasema msiache herufi ya mwisho maana mwenyewe alikuwa hapendi ikiachwa.

Nitajie simu iliyokuwa na jina hilo.

Ndio maana nasema tunachohifadhi pale kwanza ni kadi, kitu chenyewe kinafuata. Kila kinachopokelewa kinapewa namba, mfano 2019.8.3, maana yake kimeingia mwaka 2019, ni zawadi ya nane kwa mwaka ule, na ni kitu cha tatu ndani ya zawadi hiyo. Namba inaandikwa kwenye kitu kwa namna inayoweza kufutika bila kukiumiza, inaandikwa kwenye rejista, inaandikwa kwenye kadi, na kwenye kadi ndio panaingia nani alikuwa nacho, wapi, lini, alikitumiaje, kimefikaje hapa. Namba ikifutika au kadi ikipotea kile kitu kinakuwa yatima palepale, hata kama ni cha dhahabu. Nimeona mtu anapangusa vumbi vizuri kwa roho safi kabisa anafuta na namba humohumo, tukakaa siku mbili tunahangaika na rejista.

Na mimi nisijifanye malaika. Mwezi wangu wa kwanza nilipewa picha kumi na mbili ambazo mwenyewe alikuwa ameshatutajia wote waliomo, nikaona hapa ndio pa kuonyesha uhodari, nikachukua biro nikaandika majina nyuma, mwandiko mzuri, nikakandamiza haswa ili isomeke. Mama anayetusimamia alipogeuza ile ya kwanza upande wa mbele akaiinamisha kwenye mwanga, hakusema kitu, akanionyesha tu. Mistari ya mwandiko wangu ilikuwa imetokeza usoni mwa mtu kama makovu. Halafu wino wa biro nao unahama, ukizirundika picha unaenda kujichapa kwenye ya chini yake. Mpaka leo ziko vilevile, hakuna dawa. Tunatumia penseli laini, 2B kwa mfano, mkono mwepesi, pembeni nyuma, na zile picha za kisasa zenye mgongo wa plastiki ambazo penseli haishiki unaandika kwenye bahasha kabla hujaitia picha ndani. Selotepu ndio usiniambie kabisa, gundi yake inageuka kahawia inazama kwenye karatasi, plastiki inadondoka zake inakuacha na doa la milele, na kulamineti cheti cha babu ni hivyohivyo, umekichemsha na kukifungia ndani ya plastiki, kukitoa tena ni shughuli na mara nyingi hakitoki salama. Nasema haya kwa sababu najua kuna watu wanasoma gazeti hili na selotepu iko kwenye droo.

Watu wanashangaa pia kwa nini mle ndani giza. Si kwamba tumeshindwa kulipia umeme jamani. Mwanga unakula rangi na karatasi, na ubaya wake unajumlishana, kitambaa kilichopauka hukirudishii rangi kwa kukipumzisha gizani, unachofanya ni kuzuia kisiendelee tu. Kwa vitambaa na karatasi na picha za rangi za maji kipimo cha mwanga kinachofuatwa sehemu nyingi ni luksi 50, ambayo ukitoka nje juani ukaingia unaona kama wamezima taa, subiri macho yazoee. Unyevu nao, ukipita asilimia 65 na hewa haizunguki kuvu inapata makazi, na mbaya zaidi ni kupanda na kushuka kila siku maana mbao inavimba inasinyaa inavimba inasinyaa mpaka inapasuka. Vipande vya magazeti vina lao jambo, naomba radhi mhariri ni bidhaa yako, karatasi ya gazeti ni ya bei ndogo ya mbao iliyosagwa, inazalisha asidi yake yenyewe, inageuka njano na inaambukiza kinachogusana nayo. Ukifungua albamu ukakuta barua ina kivuli cha kahawia cha mstatili ujue palilala gazeti pale. Tunatenganisha kwa karatasi isiyo na asidi, na gazeti lenyewe tunalitolea nakala.

Glavu nyeupe za kwenye televisheni tunaulizwa kila wiki. Kwa karatasi na vitabu hatuvai, mikono iliyonawiwa ikakauka inatosha, ukivaa glavu ya pamba hausikii ukurasa unauchana. Kwa picha na vyuma ndio tunavaa, zile za mpira za buluu, kwa sababu jasho la kidole linaacha alama inayokuja kuonekana baada ya miaka.

Haya, friza. Blanketi la sufu, sare ya zamani, kofia, kitu chochote tunachoshuku kina nondo au fukusi, kinafungwa ndani ya mfuko wa plastiki unaozibwa sawasawa kinaingia kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri, sisi tunakiacha wiki mbili. Hamna dawa ya kunyunyiza, hamna harufu, wadudu na mayai yao wanakufa. Kikitoka hukifungui, unakiacha siku nzima kwenye mfuko wake mpaka kipate joto la chumba, la sivyo umande unakaa kwenye nguo badala ya kukaa nje ya plastiki. Si kila kitu lakini, mchoro wa rangi za mafuta usithubutu. Kijana mmoja mgeni alifungua ile friza akitafuta barafu akakutana na koti la jeshi limekunjwa mikono kifuani, alipiga ukelele mpaka mlinzi akaja.

Sasa hili la kila kitu kiko kwenye simu. Kuskani tunaskani, tena sana, na sababu ninayo. Usiku wa tarehe 2 Septemba 2018 Makumbusho ya Taifa ya Brazil kule Rio de Janeiro yaliungua, yalikuwa yameanzishwa mwaka 1818 kwa hiyo ulikuwa mwaka wao wa 200, na mle ndani kulikuwa na vitu kama milioni 20. Wazima moto walifika wakakuta mabomba ya karibu hayana maji ya kutosha, na wachunguzi baadaye wakasema moto ulianzia kwenye kiyoyozi. Kati ya vilivyopotea ni rekodi na maandishi ya lugha za wenyeji ambazo nyingine hazina tena mtu wa kuzizungumza. Wanafunzi wa kule wakaanza kuomba watu, yeyote aliyewahi kupiga picha mle ndani atume, yaani picha za watalii ndio zikawa kumbukumbu. Kwa hiyo nakala ni muhimu, sibishi. Lakini ndugu yangu fungua simu yako sasa hivi uhesabu picha zilizomo, halafu uniambie ngapi zina majina ya waliomo. Faili inayoitwa IMG na tarakimu nne ni lile boksi la mlangoni tu, limebadilisha nguo.

Kuna manung'uniko mengine nataka niyajibu humuhumu, kwamba tunaringa, mtu analeta kabati la marehemu mama yake tunakataa. Ni kweli tunakataa, na inauma, juzi kuna mtu alitukana. Chumba ni kimoja, na kitu tukikipokea tumekula kiapo cha kukitunza miaka yote, hatuwezi kuwa na cherehani tisa za aina moja ambazo nane hazina habari yoyote. Cherehani ya tisa ambayo unatuambia ilishona sare za shule fulani na risiti zake hizi hapa, hiyo tunaipokea mbio. Na lazima usaini hati ya zawadi, maana zamani watu walikuwa wanaacha kitu kwa maneno tu, shikeni kwa muda, muda wenyewe unakuwa miaka ishirini, halafu wajukuu wanakuja wanne kila mmoja anasema ni chake. Kikao cha namna hiyo nimekikalia kimoja, cha pili sitaki.

Vile visivyo na kadi hatuvitupi. Vikiwa imara vinaingia kwenye sanduku la kushika, na hapo ndipo watoto wanapofaidi. Kwenye kabati ya kioo mtoto anatazama sekunde tatu anasonga, ila mpe simu ya zamani ya kuzungusha mkononi uone. Wote bila kukosa wanabonyeza kwenye matundu, wanabonyeza wee, hamna kitu, mpaka mmoja anagundua inazunguka. Mwaka jana binti mmoja mdogo aliikagua juu chini akauliza, "Sasa namba za watu zilikuwa zinakaa wapi?" Mwenzetu mmoja mstaafu aliyekuwa amekaa pembeni akasema kichwani, darasa zima likacheka likidhani anatania, akaanza kuzitaja, ya hospitali, ya ofisini kwake, ya shemeji yake, ya duka, namba tano tano, hakusita hata moja. Kile kicheko kilivyokatika ungesikia sindano. Walimu mnaotuleteeni darasa zima la watoto themanini kwa dakika ishirini nawaomba sana mgawe makundi, tutapata muda wa kitu kama hicho.

Na watoto nao wanatufundisha. Tunawapa kazi ya nyumbani, chagua kitu kimoja, kamuulize mtu mzima, urudi na sentensi moja. Tulikuwa na chombo kama koleo dogo cha chuma, lebo imeandikwa tangu zamani, koleo la fundi viatu. Mvulana mmoja akakipiga picha akampelekea bibi yake, kesho yake akarudi na sentensi, bibi anasema hiki ni cha kutobolea tiketi za treni. Tukabisha kidogo, wakubwa tena hatupendi kusahihishwa, halafu mmoja akasema si tujaribu, akachukua kipande cha karatasi akakibana. Likatoka tundu lenye umbo la moyo! Fundi viatu tundu la moyo la nini? Makondakta walikuwa na matundu ya maumbo tofauti ili mkaguzi akiitazama tiketi ajue imetobolewa na nani au wapi. Lebo tumebadilisha, na kwenye kadi sehemu ya chanzo cha habari kimeandikwa kwamba ni mwanafunzi na bibi yake. Shirika la makumbusho duniani, ICOM, walikaa Prague mwaka 2022 wakapitisha maana mpya ya makumbusho, na mojawapo ya waliyoyaingiza ni kwamba yafanye kazi kwa ushiriki wa jamii. Mimi nikiyasoma hayo namwona yule bibi ambaye hata mlango wetu hajawahi kuukanyaga.

Nimalizie na hili la wanaojitolea. Watu wakisikia volantia wanafikiri ni kupiga picha na mabango. Tarehe 18 Mei ni Siku ya Makumbusho Duniani, inaadhimishwa tangu 1977, siku hiyo tunajaa, fulana, hotuba, kila mtu anataka kusaidia. Njooni tarehe 19. Tarehe 19 kuna kaseti za mahojiano ya wazee zinazosubiri kuandikwa, na saa moja ya kaseti inakula saa nne mpaka sita za kutaipu, ikiwa jogoo aliwika karibu na maiki ongeza. Kuna rejista za kuingiza kwenye kompyuta, kuna maboksi ya kufungua kila moja kuangalia wadudu, unafungua, hamna, unaandika hamna, unafunga. Na wa kujitolea si bure kwa makumbusho kama watu wanavyodhani, kuna mtu lazima aache kazi yake akufundishe, kwa hiyo ukija Jumamosi mbili ukapotea umetuachia hasara. Afadhali useme nina saa mbili kwa mwezi, uje kweli.

Sitaki mtu adhani wa kujitolea hawana maana mpaka wawe wataalamu lakini. Tarehe 4 Novemba 1966 mto Arno ulivyofurika Florence kule Italia, vijana walitoka nchi mbalimbali wakaingia kwenye matope na mafuta kwenye ghala la Maktaba Kuu ya Taifa, wakajipanga mstari kwenye ngazi wanapokezana vitabu mkono kwa mkono, na Waitaliano wakawaita malaika wa matope. Ufundi wao ulikuwa ni kufuata wanachoelekezwa na kurudi kesho yake.

Kwa hiyo namwalika yule ndugu aliyeandika barua, kwa nia njema kabisa. Akifika aulize meza ya pili kulia. Kuna picha pale inatusumbua sana, ya mwanamke kasimama kando ya baiskeli, mkono wa kushoto kashika kitabu kikubwa kama daftari la mahesabu, nyuma yake ukuta una maandishi yaliyokatwa na ukingo wa picha zimebaki herufi tatu tu. Hatabasamu ila unaona anakaribia. Namba yake ni 2021.17.4, tulipoletewa walitutajia mwaka na mpiga picha, jina la mwenyewe hawakuwa nalo. Umri wa picha ni kwamba kuna mtu aliye hai leo alimwona barabarani na ile baiskeli. Kama ni wewe, au mama yako, au jirani, njoo ukae, kiti kipo, penseli nitakuwa nayo mimi.

Ni mimi msomaji wako,
wa chumba cha nyuma